Tunachangia upasuaji, tunalisahau goti

Kijana wa mpira akiumia goti huku Mtwara, mambo yana mpangilio ambao karibu kila mtaa unaujua. Anaanza mchuaji na mafuta yake. Inafuata eksirei, majibu yanasema mfupa ni mzima, nyumba nzima inashusha pumzi. Hakuna anayewaambia kwamba kano haionekani kwenye eksirei. Uvimbe unashuka, kijana anarudi uwanjani, goti linaachia. Anapumzika, anarudi, linaachia tena. Mwisho mtu mwenye ndugu Dar es Salaam anashauri apelekwe MOI, ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili, kipimo cha MRI, kinachopiga picha hata za kano, kinaonyesha kano imekatika, na hapo ndipo kundi la WhatsApp linapofunguliwa. Orodha ya majina na viwango inazunguka kila jioni mpaka fedha inatimia. Kijana anasafiri, anapasuliwa, anarudi na magongo. Mweka hazina anasoma mapato na matumizi, watu wanaombeana kheri, kundi linafungwa.

Kwa maoni yangu linafungwa kabla kazi kubwa haijaanza. Na naenda mbali kidogo: kama fedha ni chache, na huku kwetu kwa kawaida ni chache, ni heri upasuaji usubiri kuliko mwaka wa mazoezi tiba (fiziotherapia) unaoufuata ukose senti tano.

Tuanze na kinachofanyika pale kwenye meza ya upasuaji. Kano ya mbele ndani ya goti, hiyo ambayo watangazaji wa mpira wanaiita ACL, inaushika mfupa wa paja na mfupa wa muundi ili ule wa chini usichomoke kwa mbele wala usizunguke ovyo. Mara nyingi haikatwi na rafu. Takriban majeraha saba katika kila kumi ya kano hiyo hutokea bila mpinzani kumgusa mchezaji: ametua vibaya baada ya kuruka, au amegeuka ghafla huku unyayo umeng'ang'ania ardhi. Anasikia "pa!", na ndani ya saa chache goti limejaa damu.

Kwa kawaida daktari haiungi ile iliyokatika. Anachukua kipande cha kano kutoka mahali pengine kwenye mguu, mara nyingi kwenye nyama za paja za nyuma au chini ya kifuniko cha goti, anatoboa njia kwenye mifupa miwili na kukipitisha humo. Kipande hicho, kipandikizi, kinapowekwa hakina mishipa ya damu ya kukilisha. Mwili unalazimika kukipenyezea mishipa mipya na kukijenga upya polepole, na katika miezi ya mwanzo ya ujenzi huo kinadhoofika kwanza kabla ya kuimarika. Kukomaa kwake kunaweza kuchukua mwaka mzima, hata miwili.

Sasa linganisha na anavyojisikia mwenye goti. Mwezi wa tatu maumivu yameisha, uvimbe hakuna, anatembea kama wewe na mimi. Mwezi wa tano anakimbia. Anajiona mzima katika kipindi ambacho kipandikizi bado ni kichanga, na ndipo linapokuja bonanza la kugombea mbuzi na timu haina beki.

Mwaka 2016 watafiti wa Norway na Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka miwili wanamichezo waliowahi kupasuliwa hivi. Kila mwezi mmoja mtu aliosubiri zaidi kabla ya kurudi kwenye mchezo, hadi kufikia mwezi wa tisa, ulipunguza uwezekano wa goti kuumia tena kwa karibu nusu. Waliorudi bila kufaulu vipimo vya nguvu na kuruka, 38 katika kila 100 waliumia tena. Waliofaulu, hawakufika sita. Sijui ni dawa gani dukani inayoweza kujisifu kwa tofauti ya namna hiyo, na hapa dawa yenyewe ni subira na jasho.

Virgil van Dijk, akiwa beki wa Liverpool, aliumia goti dhidi ya Everton Oktoba 2020 na hakucheza mechi ya ligi tena mpaka Agosti 2021. Takriban miezi kumi, akiwa na klabu inayomlipa akiwa amelala na wataalamu wa kumsimamia. Sisi kwenye vibanda umiza tunaikumbuka habari yake kama ushujaa wa kurudi. Jinsi alivyokaa nje muda wote ule hatuiongelei, labda kwa sababu kukaa nje hakuonyeshwi kwenye televisheni.

Lakini kuumia tena ni habari ya mwaka wa kwanza na wa pili. Ninachotaka zaidi tukitazame ni mwaka wa kumi na mbili, wa kumi na tano, wa ishirini.

Watafiti wa Sweden waliwatafuta wanawake waliokatika kano hii wakicheza soka, miaka 12 baada ya kuumia. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 31. Kwenye eksirei, karibu nusu ya magoti yale yalikuwa tayari yamesagika kwa kiwango cha kuitwa ugonjwa. Kwa wanaume, miaka 14 baadaye, waliokuwa na mabadiliko makubwa walikuwa takriban wanne katika kila kumi. Na kitu kinachouma zaidi katika tafiti zile zilizotoka mwaka 2004 ni kwamba waliopasuliwa na wasiopasuliwa hawakutofautiana katika hilo. Mbinu za upasuaji zimeboreka tangu wakati huo, lakini mpaka leo hakuna daktari makini atakayekuahidi kwamba kano mpya itakukinga na goti kusagika.

Sababu haina uchawi. Siku ile kano ilipokatika, mfupa wa paja uligongana na wa muundi na gegedu linalofunika ncha za mifupa likaminywa. Gegedu halina mishipa ya damu, kwa hiyo likiharibika halijirudishi kama ngozi inavyojirudisha. Meniski, vipande viwili vya umbo la mwezi mwandamo vinavyokaa kati ya mifupa na kupokea uzito, mara nyingi navyo vilichanika siku hiyo hiyo au baadaye, kila goti lilipoachia. Upasuaji unarudisha uthabiti wa goti. Haufuti kilichotokea siku ile.

Habari ya meniski ingestahili makala yake. Kwa kifupi: kipande kikikatwa na kutolewa, gegedu linabeba mzigo mkubwa zaidi kuanzia siku hiyo na kuendelea. Kikiweza kushonwa, kishonwe, hata kama maana yake ni wiki nyingi zaidi za magongo na kukatazwa kuchuchumaa. Wagonjwa wengi huomba "kile cha haraka". Kwa kijana wa miaka 22, cha haraka kinaweza kuwa ghali sana afikapo 40.

Wapo wasiohitaji kisu kabisa, na hili ndilo gumu kulisema mbele ya watu wenye mchango mkononi. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya jaribio la huko huko Sweden lililowahusisha vijana 121 wenye kujishughulisha na michezo waliokatika kano. Kwa kura, nusu walipasuliwa mapema na kufanya mazoezi tiba. Nusu walianza na mazoezi tiba peke yake, wakiwa na ruhusa ya kupasuliwa baadaye goti likisumbua. Baada ya miaka miwili, na tena baada ya mitano, makundi mawili hayakutofautiana katika hali ya goti, na katika lile kundi la pili karibu nusu walikuwa hawajapasuliwa.

Najua atakayenijibu. Atasema Sweden si Tandahimba, na ana haki. Vijana wale walikuwa na mtaalamu wa fiziotherapia anayewaona mara kwa mara na barabara isiyokatika. Goti linaloachia kila mara lisipotulizwa, iwe kwa misuli au kwa kisu, linatafuna meniski zake lenyewe. Mvuvi wa Mikindani anayerukia ndani ya mashua au fundi anayepanda kenchi hawezi kuishi na goti la kubahatisha, na kijana anayetaka kurudi kwenye soka la ushindani atashauriwa kupasuliwa, na ni sawa. Ila tazama kilichowaokoa wale nusu ambao hawakupasuliwa: ni mazoezi tiba. Kilichowasaidia waliopasuliwa: mazoezi tiba pia. Hicho ndicho kitu ambacho mchango wetu haukiwekei hata shilingi.

Mazoezi yenyewe yanalenga nini? Hapa nitakaa kidogo, maana watu hudhani ni kunyoosha nyoosha mguu kitandani.

Goti likivimba, ubongo unapunguza amri kwa misuli ya mbele ya paja. Si uvivu wa mgonjwa. Ni mwili unavyojilinda. Matokeo yake paja linanywea mbele ya macho yako. Chukua futi ya fundi cherehani, pima kutoka juu ya kifuniko cha goti sentimita 15 kwenda juu, weka alama ya kalamu, zungusha futi kwenye paja hapo, fanya hivyo miguu yote miwili. Tofauti ya sentimita mbili au tatu miezi kadhaa baada ya upasuaji ni kitu cha kawaida, na haijirudishi kwa kutembea kwenda sokoni. Inarudi kwa kubebesha misuli uzito, mara mbili au tatu kwa wiki, uzito ukipanda kadiri wiki zinavyokwenda. Lengo linalotajwa sana kabla ya kurudi mchezoni ni mguu ulioumia ufikie angalau asilimia 90 ya nguvu ya ule mzima.

Jambo la pili ni kunyooka. Lala kifudifudi, magoti yaishie ukingoni mwa kitanda, miguu ining'inie kuanzia hapo, mtu atazame visigino. Kimoja kikibaki juu kuliko kingine, goti halijanyooka lote. Watu hushangilia goti kukunjika na kusahau hili, wakati goti lisilonyooka kikamilifu linamfanya mtu achechemee, linachosha paja na linaongeza uwezekano wa kusagika. Lisiponyooka katika wiki za mwanzo, rudi kwa daktari upesi, usisubiri lizoee.

Jambo la tatu ni kiti. Kaa kwenye kiti cha kawaida, inua mguu mmoja, simama kwa ule mwingine bila kushika kitu, kisha kaa taratibu bila kujitupa. Jaribu pande zote mbili. Mtu ambaye goti lake linaingia ndani au anatetemeka kama mwanakondoo aliyezaliwa leo hana sababu ya kuulizia viatu vya njumu.

Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji mashine. Ndoo yenye mchanga ni uzito, ngazi ni kifaa, baiskeli zimejaa mikoa hii. Kinachohitajika ni mtu anayejua kupanga na kupandisha kiwango, na nauli ya kumfikia. Ulizia idara ya fiziotherapia kwenye hospitali za Ligula au Sokoine, Ndanda au Nyangao, au hospitali ya kanda pale Mitengo, kabla ya kupanda basi la kwenda kupasuliwa. Ukiulizia baada ya kurudi na magongo umechelewa wiki kadhaa zenye thamani kubwa.

Tukiwa kwenye basi: Mtwara mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 500. Mtu aliyepasuliwa goti juzi, kakunja mguu kwenye siti ya katikati kutwa nzima, yumo kwenye hatari ya damu kuganda kwenye mshipa wa mguu. Muulize daktari siku ya kusafiri, kaa siti ya mlangoni unapoweza kunyoosha mguu, kanyaga kanyaga na kifundo kila baada ya muda, shuka kila basi linaposimama. Shavu la mguu likivimba na kuuma upande mmoja, au pumzi ikikubana, usiseme ni uchovu wa safari. Nenda hospitali iliyo karibu. Na bajeti ya mchango iwe na siku chache za kulala Dar. Mvua zilizokuja na Kimbunga Hidaya Mei 2024 zilipoikata barabara kule Somanga, tuliona jinsi kusini inavyoweza kujifunga pasipo taarifa.

Kuna mengine ambayo vitabu vya Ulaya havitakuambia kwa sababu havijui maisha ya Lindi. Sisi tunapiga magoti. Muumini anayeswali anashuka chini kwa magoti mara nyingi kila siku, na kukaa tahiyatu kunataka goti likunjike mpaka mwisho. Kipandikizi kinachotolewa chini ya kifuniko cha goti ni imara na madaktari wengi wanakipenda kwa wanamichezo, lakini kinajulikana kwa kuacha maumivu mbele ya goti mtu anapopiga magoti. Cha nyama za paja hakina sana tabia hiyo, ingawa nacho kinapunguza nguvu ya kukunja goti, na kwa vijana kinaelekea kukatika zaidi kidogo. Uamuzi ni wa daktari na mgonjwa, lakini daktari hawezi kupima kitu ambacho hajaambiwa. Mwambie: nasujudu, naokota korosho, napiga kiki ya pikipiki kwa mguu huu.

Korosho nazo zina kalenda yake. Msimu unashika kasi Oktoba, na kuokota ni kazi ya kuinama na kuchuchumaa tangu alfajiri, kisha kuna magunia. Aliyepasuliwa Juni anaingia msimu akiwa na miezi minne, mahali pabaya kabisa: goti haliumi, kipandikizi hakijakomaa, na familia inamtazama. Aliyepasuliwa Januari anatimiza miezi tisa Oktoba. Upasuaji huu kwa wengi si wa dharura. Madaktari wenyewe hupenda uvimbe uishe na goti linyooke kwanza. Kwa hiyo kusubiri mpaka msimu uishe, huku ukijenga paja, kunawezekana kabisa, ilimradi goti lisiachie achie shambani. Anayetofautiana ni yule ambaye goti limejifunga, halinyooki wala halikunjiki kwa sababu meniski imejibana katikati. Huyo asingoje mnada wa korosho.

Nimesema "kijana" mara nyingi, na macho ya wasomaji yameona mvulana. Wasichana wanaocheza mpira wanakatika kano hii mara mbili hadi tatu zaidi ya wavulana, na UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, inatuletea wachezaji wazuri wa kike kila mwaka. Sijaona makundi ya WhatsApp yakifunguliwa kwao kwa kasi ile ile. Binti akiumia anaambiwa aache mpira, basi, na goti lisilo na kano anabaki nalo akichota maji na baadaye akibeba ujauzito. Kwao na kwa wavulana ipo kinga isiyo na gharama: programu ya kupasha misuli ya FIFA, 11+, dakika 20 za kukimbia, kuruka, kutua na kujisawazisha kabla ya mazoezi. Programu za aina hiyo zikifanywa sawasawa, angalau mara mbili kwa wiki, hupunguza majeraha ya kano ya mbele kwa karibu nusu. Makocha wetu wengi wanaanza na mizunguko mitano ya uwanja na kunyoosha viungo kwa kuhesabu kwa sauti. Inapendeza kutazama.

Wapo walioumia zamani, wale waliokuwa wakipiga mpira kwenye viwanja vya Ilulu na Nangwanda Sijaona na sasa wana miaka 40 na goti linalolia asubuhi. Kwao mjadala wa kipandikizi umepitwa. Kinachobaki ni kile kile ambacho hakikufanyika wakati ule, na bado kinasaidia: nguvu ya paja, na uzito wa mwili. Kwa wanene wenye goti lililosagika, utafiti mmoja ulionyesha kwamba kilo moja ikipungua mwilini, goti linapumzika mzigo wa karibu kilo nne katika kila hatua. Wanachofanya wengi badala yake ni kununua diklofenaki, dawa ya maumivu, dukani na kumeza kila siku mwaka hadi mwaka, jambo linaloweza kuishia kwenye vidonda vya tumbo na figo. Sindano ya steroidi ndani ya goti inatuliza kwa muda, lakini ikirudiwa rudiwa inaweza kulidhuru gegedu lenyewe. Goti bandia lipo na linafanya kazi; takwimu za nchi tajiri zinaonyesha takriban manane katika kumi yanadumu miaka 25. Ila aliyewekewa akiwa na miaka 45 ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuhitaji la pili kuliko aliyewekewa uzeeni, na la pili ni gumu kuliko la kwanza, ndiyo maana madaktari humsihi asogeze mbele siku hiyo.

Nirudi kwa mweka hazina. Kabla kundi halijafunguliwa, bajeti iandikwe kwa mistari mitatu: upasuaji na kipimo, safari na malazi, na nauli ya fiziotherapia kwa miezi tisa, itolewe kidogo kidogo kila mwezi, si kwa mkupuo. Mgonjwa akiruka vikao, wachangiaji wana haki ya kuuliza. Mtu akiulizwa na watu 60 kuhusu paja lake atafanya mazoezi, hata kwa aibu.

Na mgonjwa asiondoke hospitali bila nakala ya ripoti ya upasuaji. Inaandika kipandikizi kilitoka wapi, meniski ilishonwa au ilikatwa, gegedu lilikutwa katika hali gani. Miaka 15 baadaye, daktari mwingine wa mji mwingine atataka kujua hayo hayo, na mwenye goti atakuwa anakumbuka tu kwamba "walinipasua, wakasema imeenda vizuri". Ile karatasi itiwe kwenye nailoni, ikae pamoja na hati ya shamba.